Gari langu lina nguvu zaidi, la shemeji linanifurahisha zaidi

Naendesha Toyota GR86 ya gia za mkono. Shemeji yangu, mume wa dada, ana Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, injini ya lita 2.0, paa la turubai. Tukikutana hatukosi kubadilishana funguo. Nimelitetea gari langu mbele yake mara nyingi, na humu nitalitetea tena pale linapostahili. Lakini watu hawaniulizi lipi ni gari bora. Wananiuliza lipi linafurahisha zaidi kuendesha, na kwa swali hilo jibu langu ni MX-5.

Nataka kueleza sababu, maana majibu mengi ninayoyasikia hayanitoshelezi. Wapo wanaotaja farasi wa injini na kufunga mjadala hapohapo. Wapo wanaosema MX-5 ni ya kutembea taratibu huku paa likiwa wazi, na GR86 ndiyo gari la dereva. Anayesema hivyo hajakaa na magari haya mawili kwenye barabara moja yenye kona za kutosha, kavu asubuhi na yenye maji jioni.

Kwanza, yanafanana kuliko watu wanavyodhani. Yote mawili ni ya Kijapani, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, gia ni sita, na hakuna turbo. Magari mapya ya aina hiyo yamebaki machache sana. MX-5 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989, na hadi leo inaundwa Hiroshima. Jina la 86 linatoka kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za mwaka 1983, ambazo namba yake ya bodi ilikuwa AE86. Toyota walilirudisha mwaka 2012 kwa kushirikiana na Subaru, kisha mwaka 2021 wakatoa kizazi cha pili, ndiyo GR86 hii. Gari pacha wake ni Subaru BRZ, na yote mawili hutoka kiwanda cha Subaru kilichoko Ota, mkoa wa Gunma. Kwa hiyo nikisema "Toyota yangu", ndani ya boneti kuna injini ya Subaru, na sioni tatizo lolote hapo.

Tofauti kubwa ni uzito. MX-5 ya lita 2.0 ina takriban kilo 1,060. GR86 ina kama kilo 1,275. Ni zaidi ya kilo 200, yaani kama umepakia watu watatu wazima na hawashuki kamwe, uwe unafunga breki, unakata kona au unapanda mlima. Ukigawa uzito kwa nguvu, tofauti inakaribia kupotea: MX-5 ina farasi 184, GR86 ina 234, kwa hiyo kila farasi wa Mazda anabeba kilo 5.8 hivi na wa Toyota kilo 5.4. Kwenye barabara iliyonyooka GR86 inatangulia, lakini si kwa umbali wa kukukatisha tamaa. Kwenye kona hesabu hiyo haina msaada, kwa sababu tairi halijui injini ina farasi wangapi. Linajua kilo tu.

Tuingie kwenye kona basi, maana hapo ndipo ubishi wetu ulipo.

Ukiwa kwenye MX-5, ukigusa breki kabla ya kona, pua inashuka waziwazi. Ukizungusha usukani, pembe ya mbele ya upande wa nje inazama, bodi inalala, kisha inatulia. Mtu aliyezoea magari magumu hushtuka hapo. Dada yangu mara ya kwanza alishika mlango kwa mikono miwili. Waandishi wengi wa magari wamelilaumu gari hili kwa kulala hivyo, na wenye nayo wengi hukimbilia kubadilisha springi na stabilaiza (chuma kinachozuia bodi kulala) kabla hata hawajalizoea. Mimi naona wanatupa kitu cha thamani.

Uzito unaohama kutoka tairi za ndani kwenda za nje unapokata kona hutegemea mambo machache: uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito huo, upana kati ya magurudumu, na ukali wa kona pamoja na mwendo wako. Bodi kulala kunaongeza kidogo tu juu ya hapo. Gari gumu lisilolala linahamisha karibu uzito uleule, ila halikuonyeshi. MX-5 inakuonyesha. Mgongo unahisi, kiuno kinahisi, jicho linaona upeo ukiinama. Na kwa kuwa springi ni laini, kuhama kwenyewe kunachukua muda, na ndani ya muda huo dereva anaweza kufanya jambo: kulegeza breki taratibu zaidi, kuongeza usukani kidogo, kungoja kidogo kabla ya kukanyaga akseli. Gari linakupa nafasi ya kushiriki. Kilometa 60 kwa saa kwenye kona ya gia ya pili, ambayo ni mwendo wa kawaida kabisa, tayari una kazi ya kufanya, na kazi hiyo ndiyo raha yenyewe.

Kwenye GR86 kona hiyohiyo, kwa mwendo uleule, inapita bila neno. Unazungusha usukani, pua inaingia, umeshatoka. Ni safi mno. Mfumo wa kubeba magurudumu ni wa MacPherson mbele, na nyuma ni wa mikono miwili, wa juu na wa chini. Springi zake za mbele ni laini kuliko za BRZ na za nyuma ni ngumu kuliko za BRZ, kwa hiyo mkia una hamu ya kusaidia kuzunguka. Difu, yaani kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, ni ya aina ya Torsen, inaigawa vizuri unapotoka kwenye kona na akseli chini. Tatizo ni kwamba hayo yote yanaanza kuonekana ukiwa umeongeza mwendo mpaka kiwango ambacho kwenye barabara ya watu wote sipendi kukifikia. Kwenye barabara ninayoizoea kuna kona ndefu ya kulia inayojifunga mwishoni. Kwenye MX-5, kona hiyo ni mazungumzo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye GR86 inaanza kusisimua pale tu ninapojiuliza kama nyuma ya mwamba ulio pale konani kuna lori.

Hilo ndilo neno langu kuu katika makala haya yote: nalipima gari la raha kwa mwendo ambao linaanza kuamka. MX-5 inaamka mapema. GR86 inaamka baadaye, na ikishaamka ni tamu sana, lakini njia ya kufika huko inapita mahali ambapo kosa dogo linaumiza mtu mwingine.

Nisiifiche aibu ya MX-5. Kwenye kona mbili zilizofuatana, kushoto kisha kulia bila kupumzika, bodi inachelewa. Inakuwa bado inalala upande mmoja wakati usukani umeshaelekea upande mwingine, na ukiharakisha mkono zaidi ya hapo gari linayumba. Lazima uisubiri. Shemeji ana la mwaka 2019. Kuanzia matoleo ya 2022 Mazda waliongeza mfumo unaogusa breki ya gurudumu la nyuma la ndani kwa nguvu ndogo sana kona inapokuwa kali. Jinsi mikono ya nyuma ilivyofungwa, breki hiyo inavuta bodi chini upande unaotaka kuinuka, na gari linatulia bila kuongezewa hata gramu ya chuma. Ni fikra nzuri mno. GR86 haihitaji ujanja huo. Kwenye kona pacha inabadili upande kama imeshasoma barabara, na hapo huwa namtazama shemeji bila kusema kitu.

Injini sasa. Ya GR86 ni boksa ya lita 2.4: pistoni zimelala ubavu, mbili kila upande, zikipigana ngumi kuelekea nje. Kwa kulala hivyo injini inakaa chini, na gari zima linakaa chini nayo. Toleo la kwanza, la 2012, lilikuwa la lita 2.0 lenye farasi 200, na lilikuwa na shimo katikati ya mizunguko ambalo kila aliyeliendesha analikumbuka. Ulikanyaga, likavuta, likasinzia, kisha likazinduka juu kabisa, maana msokoto wake, yaani nguvu yake ya kuzungusha, wa Nm (nyutoni-mita) 205 ulipatikana zaidi ya mizunguko 6,400 kwa dakika. Hili la sasa linatoa Nm 250 kwenye mizunguko 3,700 tu. Shimo limefukiwa. Ukiwa kwenye gia ya tatu unaweza kukata nusu ya mlima bila kugusa gia.

Na hapo ndipo ninapoanza kulalamika, ingawa ni gari langu. Injini inayoweza kufanya kila kitu kwenye gia ya tatu inaninyima sababu ya kushuka gia ya pili. Naendesha gia za mkono kwa sababu napenda kuzibadilisha. Kila kona ambayo injini inaniokoa, mkono wangu wa gia unakaa bure.

Injini ya MX-5 haikuokoi. Ina Nm 205 kwenye mizunguko 4,000, na nguvu zake kamili ziko kwenye 7,000, kwa hiyo ukitaka mwendo lazima uutafute. Mwaka 2018 Mazda waliifanyia kazi ambayo sijui kama kampuni nyingine ingejisumbua nayo kwa gari la bei ya kawaida: kila pistoni ikapunguzwa gramu 27, kila kiunganishi cha pistoni gramu 41, na ukomo wa mizunguko ukapanda kutoka 6,800 hadi 7,500. Farasi wakatoka 160 hadi 184. Ukiendesha la kabla na la baada ya mabadiliko hayo unasikia tofauti kabla hujatazama kibao chochote. La zamani lilikuwa likichoka pale ambapo hili jipya linaanza kuimba.

Gia zenyewe. Hapa sina maneno ya kumtetea Toyota. Sanduku la gia la GR86 ni zuri, limekaza, kila gia ina mahali pake na hulikosi. Likiwa baridi linagoma kidogo kuingia ya pili. La MX-5 ni jambo jingine kabisa. Mkono unasogea umbali mfupi sana, kuna ukinzani mdogo mwanzoni, kisha gia inavutwa ndani yenyewe. Wakati mwingine kwenye taa nyekundu nabadilisha gia huku klachi iko chini, bila sababu yoyote, kwa ajili ya kuisikia tu. Mafundi wa Mazda walilipanga tofauti na kawaida: gia ya sita ndiyo inayopitisha mzunguko moja kwa moja, na difu ina uwiano mdogo wa 2.866. Kwenye GR86 gia inayopitisha moja kwa moja ni ya tano, na difu ni 4.1. Cha kushangaza ni kwamba ukipiga hesabu yote hadi kwenye tairi, matokeo yanakutana. Gia ya pili ya kila moja inaishia karibu kilometa 100 kwa saa injini ikiwa kwenye mizunguko 7,500. Hivyo hakuna anayeweza kusema moja imefupishwa gia ili iwe na raha zaidi. Raha ya MX-5 inatoka kwingine.

Inatoka pia miguuni. Pedali ya akseli ya MX-5 imefungwa bawaba sakafuni badala ya kuning'inia kutoka juu. Unapofunga breki na kushuka gia, sehemu ya mbele ya unyayo inabaki kwenye breki na ubavu wa mguu unaigusa akseli ili mizunguko ipande kabla hujaachia klachi. Kwenye gari hili mguu unajikunja bila kutafuta. Kwenye langu inawezekana, tena vizuri, lakini inategemea umefunga breki kwa nguvu kiasi gani. Breki ikiwa nyepesi pedali haijashuka vya kutosha na mguu unabaki ukining'inia. Mimi naifanya hivyo kila siku na bado MX-5 ndiyo inayonifanya nihisi nimejua.

Usukani ndio mahali GR86 inarudisha heshima yake. Yote mawili yana usukani wa umeme, na hakuna hata mmoja unaoleta mkononi kila chembe ya mchanga kama ule wa zamani wa mafuta. Lakini wa GR86 ni mzito kwa kiasi kinachofaa, unajibu mara moja, na unajua kwa uhakika pua iko wapi. Ukitaka kupitisha tairi juu ya alama ya rangi iliyo barabarani, linapita juu yake. Wa MX-5 ni mwepesi zaidi, na katikati kabisa una ulegevu kidogo kabla bodi haijaanza kulala. Ukishapita hapo unakuwa mzuri. Kwa usahihi peke yake nachagua wa gari langu bila kusita.

Nachagua gari langu pia kwenye mvua. Urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,575 kwa GR86 na 2,310 kwa MX-5, na hizo milimita 265 unazihisi lami ikilowa. Mkia wa GR86 ukitoka, unatoka taratibu, na unapata muda wa kurudisha usukani na kutabasamu. Tairi za langu ni Michelin Pilot Sport 4 za 215/40 inchi 18, ambazo zinashika maji vizuri sana. Wa MX-5 ukitoka unatoka ghafla zaidi kwa sababu gari ni fupi. Haliogopeshi, ila linakutaka uwe umeamka. Jioni moja ya mvua kubwa tuliteremka mlima, shemeji mbele kwenye GR86 na mimi nyuma kwenye MX-5, na kwa mara ya kwanza nikalionea wivu gari langu mwenyewe.

Kukaa ndani nitapita haraka. GR86 ina kiti kilicho chini, miguu imenyooka, usukani unakuja kifuani, na kofia ya usalama inaingia bila shida. MX-5 ni finyu. Mimi ni mrefu, na goti langu la nje linagusa mlango. Matoleo ya kabla ya marekebisho ya 2018 yalikuwa na usukani usiovutika kuja kwa dereva, na kwenye hayo sikuwahi kupata mkao. La shemeji unavutika, linatosha. Buti lake ni lita 130. La kwangu, ukilaza viti vya nyuma, linameza tairi nne za ziada, na Toyota walilipanga hivyo makusudi tangu kizazi cha kwanza kwa ajili ya watu wanaokwenda kwenye viwanja vya mashindano.

Na kwenye uwanja wa mashindano sibishani na mtu. Hapo hakuna lori nyuma ya mwamba. Unaweza kulifikisha gari mwisho wa uwezo wake, na GR86 ikifika hapo ni mwalimu asiye na mfano. Inakueleza ulipochelewa kufunga breki, ulipokanyaga akseli mapema, na inakusamehe. Bodi ni ngumu, Toyota wenyewe walisema ugumu wake wa kujipinda umeongezeka kwa asilimia 50 hivi kuliko kizazi kilichotangulia, na paa ni la aluminiamu. MX-5 isiyobadilishwa chochote, kwa siku nzima ya kukimbizwa, inalala sana na inachosha. Anayenunua gari kwa ajili ya uwanja achukue GR86, na asitazame nyuma.

Lakini mimi sipiti uwanjani kila siku. Napita barabarani, kama wewe. Na barabarani kuna jambo ambalo GR86 haiwezi kulipata hata ikifanywaje. Paa la MX-5 linafunguliwa kwa mkono mmoja ukiwa umekaa, unaachia kitasa kimoja katikati, unalisukuma nyuma, linajifungia lenyewe. Halafu unasikia kila kitu: hewa inayoingia kwenye injini, tairi za nyuma zikilalamika kidogo, mwangwi wa ekzosi ukigonga ukuta wa mawe kushoto. Kwenye GR86 sehemu ya sauti ya injini inatoka kwenye spika. Naam, spika. Wahandisi waliona injini haisikiki vya kutosha ndani wakaiongezea. Si mbaya, lakini nikishajua nimeshajua, na sikio langu halirudi kuiamini. Kelele ya kweli iliyo ndogo ninaitaka kuliko kelele kubwa ya spika.

Kuondoa paa kuna gharama yake. Barabara ikiwa na mashimo, fremu ya kioo cha mbele ya MX-5 inatetemeka kidogo, na kioo cha kutazamia nyuma kinatetemeka nayo. Gari langu kwenye mashimo yaleyale liko kimya kama ukuta. Upepo nao ukizidi kilometa 100 kwa saa unachosha masikio, safari ikiwa ndefu tunafunga.

Shemeji ana maoni yaliyopinduka kabisa, na ni haki niyaweke hapa kwa sababu anaendesha vizuri kuliko mimi. Yeye akishuka kwenye GR86 huwa hataki kuirudisha. "Shemeji," huniambia, "langu linanibembeleza. Lako linataka nifanye kazi vizuri, na nikiifanya vizuri linanilipa." Anapenda kwamba GR86 haimwonyeshi mapema. Anapenda kuitafuta. Tukaenda mbali zaidi katika ubishi huo na nikagundua kwamba yeye hupiga hizo kona kwa mwendo ambao mimi sithubutu, na kwa mwendo huo MX-5 imeshamaliza kuzungumza wakati GR86 ndiyo kwanza inafungua kinywa. Kwa hiyo hatupingani kuhusu magari. Tunapingana kuhusu mwendo, na kwenye hilo dada yuko upande wangu.

Mkipata nafasi ya kuyajaribu, msianze kwa kukanyaga akseli kwenye barabara iliyonyooka. Hapo mtajifunza kitu ambacho namba zimeshasema. Tafuteni kona ya gia ya pili mnayoiona yote mpaka mwisho, isiyo na watu wala magari. Ingieni kwa mwendo wa kawaida, fungeni breki mapema, shukeni gia, legezeni breki taratibu huku mkizungusha usukani, kisha mngoje kidogo kabla ya akseli. Rudieni kwenye gari la pili bila kuongeza mwendo. Msikilize kiuno kuliko macho. Pia tazameni tairi zilizofungwa, kwa sababu gari lolote kati ya haya likiwa na tairi za bei rahisi ambazo zimekauka linakuwa gari jingine, na utalilaumu gari kwa kosa la tairi.

Kama chaguo lenu litaangukia MX-5, msiidharau ile ya lita 1.5. Ina farasi kama 130 tu, lakini nayo inakwenda hadi mizunguko 7,500, ni nyepesi zaidi (toleo jepesi kabisa la Japani lilikuwa na kilo 990), na tairi zake ni nyembamba, 195/50 za inchi 16. Niliiendesha kwa siku nzima ya kona na nikashuka nikiwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa kwenye la shemeji. Unaitumia injini yote, gia zote, tairi zote, na ukitazama kipima mwendo uko ndani ya sheria. GR86 nimeiweka mpaka sasa kwa ajili ya viti viwili vya nyuma, ambavyo watoto bado wanaenea. Wakishakua wasienee, nitaitafuta hiyo 1.5 yenye rimu ndogo, na Toyota yangu nitampa shemeji nafasi ya kwanza ya kuinunua.